Kamera ya Japani, ya Thailand au ya China: mwongozo kamili wa kupima ubora kabla hujalipa

Mnunuzi wa kamera Kariakoo, sawa na yule wa Moi Avenue jijini Nairobi, huanza kwa kuuliza nchi. Anaigeuza bodi, yaani mwili wa kamera bila lenzi, anatafuta maandishi madogo, akikuta Japani uso unakunjuka, akikuta Thailand anairudisha taratibu juu ya kaunta. Wauzaji wanalijua hilo. Wapo wanaopandisha bei kwa sababu ya neno hilo moja, na wapo wanaokuapia kwamba "ya Japani haifi" huku shata ya kamera hiyohiyo, pazia dogo linalofunguka na kufunga kwa kila picha, imeshachoka.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Kwa kamera ya kampuni inayojulikana, nchi iliyoandikwa kwenye bodi haikuambii kama kamera ni nzuri au mbovu. Ubora unatokana na ngazi ambayo kamera hiyo ilisanifiwa, ukali wa ukaguzi kiwandani, kasoro za toleo husika, na maisha iliyoishi tangu itoke kwenye boksi lake. Hayo yote yanaweza kukaguliwa, mengine ukiwa umesimama palepale dukani na simu yako mkononi. Pesa ya kamera kwa mpiga picha anayeanza ni pesa ya kudunduliza kwa miezi mingi, na inauma kuona mtu anaitoa kwa kuangalia neno moja na kuacha mambo kumi yanayoonekana kwa macho.

Hatua ya 1: Isome lebo kwa maana yake halisi

Kwenye bodi nyingi maandishi yapo chini, karibu na tundu la kufungia tripodi. Baadhi ya bodi mpya zimeyaweka nyuma ya skrini inayokunjuka, kwa hiyo ivute skrini nje kabla hujasema hayapo. Kwenye lenzi yatafute karibu na mdomo wa nyuma, ule unaoingia kwenye kamera.

Maandishi hayo yapo kwa ajili ya forodha na sheria za biashara. Kwa kawaida yanataja nchi ambako vipande vilikusanywa na kugeuka kuwa kamera, yaani mahali pa hatua kubwa ya mwisho. Hayataji sensa (kipande kinachonasa mwanga na kuunda picha) ilikotoka, wala vioo vya lenzi, wala saketi, wala ofisi ambako wahandisi waliichora.

Chukua Nikon iliyoandikwa Thailand. Bodi nyingi za Nikon zimetumia sensa zilizotengenezwa na Sony, na viwanda vya Sony vya sensa viko Japani. Kimojawapo kipo Kumamoto, kisiwa cha Kyushu. Tetemeko lilipoipiga Kumamoto Aprili 2016, kiwanda hicho kilisimama, na kampuni kadhaa za kamera zikachelewesha bidhaa zao kwa kukosa sensa. Miaka mitano kabla ya hapo, Oktoba 2011, mafuriko yaliyazamisha maeneo ya viwanda ya Ayutthaya nchini Thailand, na viwanda vya Nikon na Sony vikajaa maji. Kamera na lenzi zikaadimika dunia nzima, zikiwamo zile ambazo watu waliziita "za Kijapani" bila kusoma chini ya bodi. Kamera ya leo ina nchi nyingi ndani yake, na lebo inaitaja moja tu.

Hatua ya 2: Jua sifa ya nchi inavyozaliwa na inavyobadilika

Hatua hii haihitaji kifaa chochote, lakini bila yake utaendelea kuvutwa na jina la nchi hata baada ya kusoma vipimo vyote.

Mwaka 1887 Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa iliyolazimisha bidhaa kutoka nje zionyeshe zilikotoka. Mlengwa mkubwa alikuwa Ujerumani, kwa sababu Waingereza waliziona bidhaa za Kijerumani kuwa za bei rahisi na za kuiga. Haukupita muda mrefu, alama iliyokusudiwa kuwa onyo ikageuka kuwa sababu ya watu kununua.

Japani ilipita njia hiyohiyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kamera zake za kwanza kwenda nje, zikiwamo za Nikon, zilikuwa na maandishi yanayosema zimetengenezwa katika Japani iliyokaliwa na majeshi ya kigeni. Wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliamini kamera ya kweli ni ya Kijerumani, Leica au Contax. Mwaka 1950 David Douglas Duncan, mpiga picha wa jarida la Life, alizijaribu lenzi za Nikkor, zinazotengenezwa na Nikon, akiwa Tokyo, akaenda nazo kwenye vita vya Korea, na picha zake ziliwafanya wenzake waanze kuuliza lenzi hizo zinapatikana wapi. Japani haikuishia kwenye sifa za mdomo. Iliunda taasisi ya kukagua kamera kabla hazijasafirishwa, na iliyofaulu ilibandikwa kikaratasi cha dhahabu chenye umbo la yai kilichoandikwa kwamba imepita. Ukikuta kamera ya filamu ya mzee fulani bado ina kikaratasi hicho, umekuta ushahidi kwamba wakati huo Japani yenyewe ndiyo iliyokuwa inalazimika kuthibitisha ubora wake.

Wafanyakazi wa Ayutthaya wanaounda kamera za Nikon wameifanya kazi hiyo tangu kampuni ilipofungua kiwanda mwaka 1990. Hiyo ni zaidi ya miaka 30 ya kushughulika na kazi ileile. Sioni kwa nini tuwahesabu kama wanafunzi.

Hatua ya 3: Linganisha kamera za ngazi moja

Hapa ndipo imani ya "ya Japani ni imara" ilipojengwa, na mtu aliyeianzisha hakuwa mjinga.

Kwa miaka mingi Nikon iliziunda bodi zake za juu, kama D3, D700, D4 na D800, katika kiwanda chake cha mkoa wa Miyagi karibu na Sendai. Bodi za bei ya chini na ya kati, kama D90, D3100, D5100 na D7000, ziliundwa Thailand. Canon nayo ilibakiza bodi kubwa na lenzi zake za daraja la juu, zenye mstari mwekundu, Japani, huku kiwanda chake cha Taiwan, kilichopo tangu 1970, na kile cha Malaysia vikichukua sehemu kubwa ya vifaa vyepesi. Sababu ni za biashara. Bodi ya juu huuzwa chache, inahitaji marekebisho mengi, na wahandisi wanataka kuwa karibu nayo. Bodi ya kuanzia huuzwa kwa wingi, faida yake kwa kila moja ni ndogo, kwa hiyo inapelekwa ambako gharama ziko chini.

Sasa mpiga picha aliyeshika D3 mkono wa kulia na D3100 mkono wa kushoto alihisi tofauti mara moja. Moja ni aloi ya magnesiamu yenye mipira ya kuzuia maji na vumbi, nyingine ni plastiki. Akasoma chini, Japani na Thailand, akahitimisha kwamba Thailand ndiyo iliyoleta plastiki. Plastiki iliamuliwa mezani Tokyo, kwenye bajeti ya kamera hiyo, na hata kama D3100 ingeundwa Sendai ingetoka na plastiki ileile.

Kipimo cha haki ni kuangalia bodi za ngazi moja, au bodi ya juu iliyohamishwa kiwanda. Kipimo hicho tunacho. Nikon ilihamisha uundaji wa bodi zake kutoka Sendai kwenda Thailand, kazi iliyokamilika mwaka 2021, na kamera yake ya ngazi ya juu kuliko zote, Z9, iliyotangazwa Oktoba mwaka huo, imeandikwa Thailand. Ni bodi ya wapiga picha wa michezo na wanyamapori, inayovumilia mvua na vumbi kama watangulizi wake. Fujifilm X100V iliundwa Japani, mrithi wake X100VI anaundwa China, na foleni ya wanaoitaka haikupungua kwa sababu hiyo. Kamera nyingi za familia ya Sony Alpha 7 zimeandikwa Thailand na nyingine China, na ndizo zinazofanya kazi kwenye harusi na mikutano kila wikendi.

Geuza upande wa pili, utazame kasoro. Nikon D600, iliyotoka Septemba 2012 na kuundwa Thailand, ilichafua sensa yake yenyewe: madoa ya vumbi na mafuta yalijikusanya hasa kona ya juu kushoto ya picha. Kelele zikawa kubwa kiasi kwamba Oktoba 2013 kampuni ilitoa D610 yenye shata mpya, na Februari 2014 ikaahidi kusafisha na kubadilisha shata za D600 bila malipo hata kwa zile ambazo dhamana imekwisha. Watu wengi walisema: mmeona, Thailand. Lakini mwaka huohuo wa 2012 D800 kutoka Sendai ilikuwa na kesi yake, nayo ni fokasi (uwezo wa kamera kulenga kitu kitoke wazi bila ukungu) ya pointi za kushoto iliyokuwa ikikosea kwenye baadhi ya bodi. Canon EOS-1D Mark III ya 2007, kamera ya waandishi wa habari iliyoundwa Japani, ilisumbua kwa fokasi kiasi kwamba kampuni ililazimika kurekebisha sehemu ya kioo chake kidogo cha ndani. Canon EOS 5D ya kwanza, ya Japani pia, ilijulikana kwa kioo chake kikubwa kubanduka, na Canon ikawa inakirekebisha bure.

Kisa kinachofundisha zaidi kwangu ni cha Leica M9 ya mwaka 2009. Ujerumani, bei ya juu sana, kazi ya mikono. Kioo kinachofunika sensa yake kilianza kuliwa na kutu ya kikemikali, kikiacha madoa kwenye picha, na sensa hiyo ilikuwa ya Kodak, kampuni ya Marekani. Leica ilibadilisha sensa hizo kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2020 ikatangaza kwamba sensa za kubadilishia zimekwisha. Leo mtu anayenunua M9 iliyotumika lazima aulize kama sensa ilishabadilishwa. Jina Ujerumani halitamjibu swali hilo.

Kwa hiyo unapolinganisha, chukua bodi mbili za bei inayokaribiana na umri unaokaribiana. Tazama zimetengenezwa kwa malighafi gani, kama zina mipira ya kuzuia maji, kama mdomo wa kufungia lenzi ni wa chuma au wa plastiki (Canon EOS 4000D, kwa mfano, ina mdomo wa plastiki), na kama shata imepimwa kwa mipigo mingapi, yaani picha ngapi inatarajiwa kupiga kabla haijachoka. Nikon D750, ya Thailand, shata yake ilipimwa kwa mipigo 150,000. Nikon D5, ya Japani, 400,000. Tofauti hiyo imelipiwa kwenye bei, na ingebaki vilevile viwanda vikibadilishana mahali.

Hatua ya 4: Tafuta historia ya modeli na namba ya bodi

Ukishajua modeli unayoitaka, tafuta matangazo rasmi ya huduma ya mtengenezaji kuhusu modeli hiyo. Hii ndiyo kazi inayolipa kuliko kusoma lebo, na watu wachache huifanya.

D750 niliyoitaja ni mfano mzuri. Ni kamera inayopendwa mno, na bado kundi la bodi zilizotengenezwa kipindi fulani lilikutwa na shata ambayo huenda isifanye kazi sawasawa. Nikon ilitangaza mwaka 2015, ikapanua tangazo hilo baadaye, na ikaweka sehemu ya kuingiza namba ya bodi ili mtu ajue kama yake imo. Bodi mbili za D750, kiwanda kimoja, nchi moja, moja imo na nyingine haimo. Ukiwa na namba umepata jibu.

Fanya hivi: mwombe muuzaji akutumie picha ya sehemu ya chini ya bodi, namba ionekane yote. Anayekataa bila sababu ameshakuambia jambo. Ingiza namba hiyo kwenye ukurasa wa mtengenezaji kama modeli ina tangazo. Kama bodi imo kwenye kundi lenye kasoro, muulize kama ilisharekebishwa, na aonyeshe karatasi. Baadhi ya bodi za Nikon zilizorekebishwa huwekewa alama ndogo nyeusi ndani ya tundu la tripodi, nawe mwombe fundi akuangalizie.

Namba hiyo hiyo linganisha na iliyoandikwa kwenye boksi, na kwenye kadi ya dhamana kama ipo. Zisipofanana, boksi si lake.

Hatua ya 5: Uliza ilikusudiwa soko gani

Nchi iliyoundwa ni jambo moja. Nchi ambako ilikusudiwa kuuzwa ni jambo jingine, na kwetu Afrika Mashariki hili la pili ndilo linaloumiza watu, maana kamera zetu nyingi hupitia Dubai, nyingine huja mkononi mwa ndugu kutoka Ulaya au Marekani, na nyingine ni za kutumika kutoka Japani kwenyewe.

Anza na lugha. Kamera nyingi za Sony zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani zina menyu ya Kijapani peke yake, na hakuna mahali pa kuibadilisha. Bei yake huvutia, bodi inaweza kuwa safi kabisa, lakini kila ukitaka kubadilisha kitu utakuwa unakisia. Kabla ya kulipa, washa kamera, ingia kwenye menyu, uone Kiingereza kwa macho yako. Usikubali kuambiwa "utaibadilisha ukifika nyumbani".

La pili ni video. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazotumia umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyotoka Marekani au Japani huja ikiwa imewekwa kwenye mfumo wa NTSC, unaorekodi picha 30 au 60 kwa sekunde, na ukumbini utaona mistari ikipanda na kushuka kwenye video. Bodi nyingi hukuruhusu kuhamia mfumo mwingine, PAL, upate picha 25 au 50 kwa sekunde. Jaribu dukani kama inakubali. Baadhi zitataka ufomati kadi upya. Hata ukibaki kwenye mfumo wa mwanzo, weka shata kwenye 1/50 au 1/100, mistari itapungua sana.

Bodi za zamani kidogo zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya hukata video ikifika dakika 29 na sekunde 59. Hiyo haina uhusiano na ubora. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitoza ushuru mwingine kwa vifaa vinavyorekodi dakika 30 na zaidi, na kampuni zikaukwepa kwa kuweka kikomo. Kama unarekodi ibada au mihadhara, uliza.

Chaja ni suala dogo. Japani inatumia volti 100, lakini chaja nyingi za kamera zinapokea kuanzia 100 hadi 240. Isome chaja yenyewe kabla ya kuichomeka, kisha nunua waya au adapta ya soketi yako.

Halafu dhamana, ambayo ndiyo kubwa kuliko yote. Kampuni nyingi za kamera hufungamanisha dhamana na eneo la mauzo. Bodi iliyouzwa kwa soko la Marekani inaweza kukataliwa na wakala wa hapa hata ikiwa na wiki mbili. Muulize muuzaji maswali mawili: dhamana ni ya mtengenezaji au ya duka? Ikiharibika inatengenezewa wapi? "Dhamana ya mwaka mmoja" isiyo na jina la fundi wala anwani ni maneno matupu. Mimi ningechagua bodi ya Thailand yenye risiti na dhamana inayotambulika Dar es Salaam kuliko ya Japani isiyo na pa kurudishwa, na nisingefikiri mara mbili.

Hatua ya 6: Tenga kiwanda cha China na bidhaa isiyo na mwenyewe

Hofu ya China ina mizizi, na ni vizuri tuione ilipo. Sokoni kuna kamera ndogo zenye majina yanayobadilika kila mwezi, boksi limeandikwa megapikseli 48 na 4K, bei yake haifiki hata ya betri ya kamera ya kweli. Nyingi zina sensa ndogo mno yenye pikseli chache, na programu huzitanua picha ili namba ifike 48. Kipimo chake ni chepesi: piga picha ya ukurasa wenye maandishi madogo, ikuze hadi mwisho. Herufi zikiwa ukungu na kingo zimechorwachorwa kama zilipakwa rangi, pikseli hizo ni za kutanuliwa.

Kosa la kamera hizo ni kwamba hakuna mtu anayeweka jina lake nyuma yake. China hiyohiyo, katika mji wa Shenzhen, ndiyo makao ya DJI, ambayo kamera zake za angani zinatumika dunia nzima, na kampuni za lenzi za China kama Viltrox na ile inayotengeneza Laowa zinauza vioo ambavyo wapiga picha makini wanavinunua wakijua wanachonunua. Tazama kama mtengenezaji ana jina la kudumu, anatoa femuwea (programu ya ndani ya kamera) mpya, anauza vipuri, na ana mahali pa kumlalamikia.

Feki zenyewe huwa kwenye vitu vidogo zaidi ya bodi. Betri na kadi za kumbukumbu ndizo zinazoigwa kila siku. Betri feki huwa nyepesi kuliko halisi, maandishi yake yana kingo chafu, na kamera yenyewe mara nyingi hulalamika kwamba haiwezi kuwasiliana nayo. Kadi feki huandikwa GB 128 wakati ndani ina chache, na picha zilizozidi hupotea kimyakimya. Ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Mac na Linux, kabla hujaipeleka kwenye harusi ya mtu. Harusi hairudiwi.

Lebo ya nchi inasaidia hapa. Sigma, kwa mfano, inaunda lenzi zake Aizu, mkoa wa Fukushima, Japani. Ukikuta lenzi mpya ya Sigma iliyoandikwa nchi nyingine, simama. Kamera nyingi ndogo za Olympus zilitoka China hadi kampuni ilipofunga kiwanda chake cha Shenzhen mwaka 2018 na kuhamia Vietnam. Tafuta modeli yako kwa kawaida inaandikwa nini, kisha linganisha na iliyo mkononi.

Hatua ya 7: Ikague kwa mikono na macho yako

Nenda na kadi yako, betri iliyojaa kama unaweza, tochi ndogo na laptopu ukiwa nayo. Mwombe muuzaji muda. Anayekuharakisha anaficha kitu, au ana wateja wengi kuliko anavyoweza kuwahudumia. Vyovyote vile rudi siku nyingine.

Anza nje. Shika kamera na lenzi, zungusha kidogo: lenzi isicheze kwenye mdomo wake zaidi ya kipande cha nywele. Kagua kona za bodi na skrubu za chini. Skrubu zilizolika vichwa zinaonyesha bodi ilishafunguliwa. Bonyeza kila kitufe, kila gurudumu, fungua milango yote ya waya na utazame kama raba bado imekaa.

Kisha sensa. Weka ISO (wepesi wa sensa kuona mwanga) 100, apacha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) f/16, zima fokasi ya kujiendesha, ivuruge fokasi makusudi, piga anga tupu au ukuta mweupe. Ikuze picha, pita kona kwa kona. Madoa meusi yenye ukungu ni vumbi, na vumbi la kawaida linasafishika. Madoa mengi yaliyorundikana kona moja, au madoa yasiyotoka baada ya kusafisha, ni habari nyingine. Sasa funga kifuniko cha lenzi, weka sekunde 10 kwa ISO 800, uone kama kuna nukta nyekundu, kijani au nyeupe. Chache ni za kawaida. Zikiwa kundi zima, acha.

Idadi ya mipigo ya shata kwa Nikon inakaa ndani ya faili la picha, na programu za kusoma taarifa za picha zitakuonyesha. Canon nyingi haziandiki humo, zinahitaji programu maalumu kwa waya au fundi. Linganisha na kipimo cha modeli. Bodi ya kipimo cha 150,000 yenye mipigo 140,000 bado inaweza kwenda mbali, lakini bei yake ishuke iachie nafasi ya gharama ya shata mpya.

Fokasi ijaribu kwa pointi za katikati, kushoto na kulia, kwenye kitu kisichotembea, apacha ikiwa wazi kabisa. Pointi ya upande mmoja ikikosea kila mara na nyingine zikipatia, umeona tatizo lilelile la D800.

Lenzi ndiyo inayotofautiana zaidi kutoka moja hadi nyingine, hata zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, kwa sababu kioo kimoja kikikaa upande kidogo tu picha inaharibika kona. Simama mbele ya ukuta wa matofali, kamera ikiwa sambamba nao, piga kwa apacha ya wazi kabisa. Kona nne zote zikififia sawasawa, ndivyo lenzi ilivyosanifiwa. Kona moja ikififia na nyingine ziko sawa, lenzi imepinda ndani, hata kama ina mstari mwekundu na imeandikwa Japani. Nikipewa nafasi ya kufanya jaribio moja tu, nitachagua hili.

Mwisho, kuvu. Mulika tochi kupitia lenzi kutoka nyuma, ukitazama kwa pembeni. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, ni kuvu. Kwa lenzi zilizokaa Zanzibar, Mombasa, Tanga au Dar es Salaam bila kutunzwa, hili ni la kawaida kuliko kasoro zote za kiwandani kwa pamoja. Unyevu wa pwani hautofautishi kiwanda. Iweke kamera kwenye kontena la plastiki linalofunga vizuri lenye vifuko vya kunyonya unyevu na kipimo kidogo cha unyevu ndani, uelekee asilimia 40 hadi 50. Begi la kamera lililofungwa na kusukumwa chini ya kitanda ndiko kuvu wanakopenda.

Hatua ya 8: Itumie kwa nguvu wakati dhamana bado ipo

Vifaa vya elektroniki vyenye kasoro ya kiwandani mara nyingi huionyesha mapema. Kwa hiyo usiihifadhi kamera mpya ukisubiri tukio kubwa. Piga nayo kila siku, rekodi video ndefu hadi ipate moto, tumia matundu yote mawili ya kadi, chomeka fleshi, chomeka maikrofoni, itoe juani na uirudishe kivulini. Baada ya picha elfu moja au mbili rudia jaribio la anga tupu kwa f/16 na uiweke picha hiyo kando ya ile ya dukani. Ukiona kitu, peleka mapema, ukiwa na risiti, namba ya bodi na picha zenyewe kwenye kadi, na mwombe fundi aandike tarehe aliyoipokea.